Mpango wa Chumba cha Pili

4 Machi

Mwanangu Rula,

Hujambo wewe, na Mwalimu mkeo hajambo? Sisi huku ni wazima, ukimwondoa baba yako, ambaye goti lake la kushoto limechubuka vibaya. Usishtuke. Amejinunulia baiskeli. Kaka yangu huyu, ambaye utotoni aliogopa hata bembea, ameamua kujifunza baiskeli uzeeni. Kila asubuhi anapita mbele ya karakana amekunja uso kama mtu anayesomewa mashtaka, halafu tunasikia kishindo. Nimemuuliza kisa na mkasa. Anadai ni mazoezi.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu ninachotaka kwako ni kitu cha kubandika ukutani, na maneno ya simu hayabandikiki.

Kazi imeanza kurudi. Bado kidogo kidogo, lakini watu wanaingia mlangoni tena na kuuliza. Unakumbuka hali ilipokuwa mbaya, watu wakaacha kununua hata kigoda. Tulikuwa mafundi tisa, tukabaki watatu: mimi, fundi wa randa, na Msasa, ambaye jina lake linaufaa ulimi wake kuliko kazi yake. Chumba cha pili, kile chenye madirisha mawili, nikamrudishia mwenye nyumba. Akaingia muuza saruji, na vumbi lake tumelila miaka miwili.

Sasa muuza saruji anahama. Mwenye nyumba amekuja mwenyewe, amesimama katikati ya vumbi la mbao na viatu vyake vinavyong'aa, akanipa hadi mwisho wa Juni niseme nakitaka chumba au sikitaki. Nisipokichukua, anaingia mtu wa matairi, na mtu wa matairi anataka mkataba wa miaka kumi. Nikikikosa safari hii, nimekikosa.

Nitakuambia ukweli, naogopa. Mara ya kwanza nilipanua kazi kwa pupa, kisha nikalazimika kusimama mbele ya watu sita na kuwaambia wasije kesho. Mmoja wao alinishukuru. Shukrani yake hiyo bado inaniuma. Sitaki kusimama hivyo tena, na pia sitaki kuzeeka katika chumba kimoja kwa sababu ya woga.

Wewe tulikuita Rula kwa sababu ulipima kila kitu humu ndani, hata pua ya Msasa. Ukaenda kusomea mipango, na ofisini kwenu ndiyo kazi yako. Basi nipangie.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana nami najibu leo. Mwalimu anakusalimu, ila sauti imemkauka kwa sababu ya darasa lake la watoto sitini, kwa hiyo nyumbani tunaongea kwa ishara. Sijawahi kushinda mabishano mengi hivi tangu tuoane. Mwambie Baba ashushe kiti cha baiskeli mpaka miguu yake ifike chini, mengine yatakuja yenyewe.

Mpango wako huu hapa, kurasa nne, nimeuchorea na mistari. Kwa kifupi nasema hivi: chukua chumba. Nunua mashine ya kukatia na ile ya kupigia misumari. Achana na vigoda na meza, tengeneza makochi makubwa ya sebuleni. Warudishe mafundi wote sita kwa pamoja, na uweke bango barabarani linaloonekana kutoka kituo cha mabasi. Watu walioahirisha kununua kwa miaka miwili watanunua kwa mkupuo, na atakayekuwa tayari kabla ya wenzake ndiye atakayewapata.

Nina swali moja tu, la kukamilisha ukurasa wa kwanza. Katika miaka ile miwili mlikuwa mnatengeneza nini? Baba aliwahi kuniambia kwamba kila akipita alisikia nyundo na randa kutwa nzima, lakini hakuwahi kuona kitu kikitoka mlangoni. Nadhani alitia chumvi. Hata hivyo nisaidie nijue.

Ofisini shughuli ni zilezile, hatupumui. Samahani kwa karatasi hii ya daftari la hesabu, zile za ofisi zimeisha.

Mwanao,
Rula


22 Aprili

Mwanangu Rula,

Marahaba. Najua nimechelewa, na sina cha kusingizia. Mwalimu amepata sauti? Mpe pole, na umwambie sauti ikirudi aanze na yale mabishano uliyomshinda. Baba yako sasa anaweza kwenda mbele vizuri. Kusimama ndiko asikokujua. Anasimama kwa kukumbatia nguzo ya taa iliyo mbele yetu, na watoto wa shule wanamsubiri pale kila siku.

Mpango wako tumeubandika. Msasa ameusoma mara mbili akitingisha kichwa, kisha akauliza kama mashine ya misumari inajua kunyamaza. Fundi wa randa amekaa siku nzima akiipapasa randa yake kama anayemuaga mtu kituoni. Mimi nimeona ni mpango wa mtu msomi. Bado sijalala nao vizuri.

Nimekutumia mzigo kwa basi, kazi ya mikono yetu. Sikuambii ni nini, utakiona mwenyewe. Ni kitu cha kukupunguzia uchovu. Umekulia humu ndani, jicho lako nalijua, na wewe si mtu wa kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kikikaa imara, niambie. Kikicheza, niambie vilevile. Neno lako ndilo litakalonipeleka kwa mwenye nyumba au kunibakiza hapa.

Lile swali lako nimeliona. Tutaongea siku nyingine.

Shangazi yako


27 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wote ni wazima, na Mwalimu sauti imemrudi yote, tena na akiba. Mwambie Baba kwenye vishikio kuna breki, zipo mbili, achague yoyote.

Mzigo umefika salama kwenye gunia lake. Shangazi, nimefurahi kupita kiasi. Kiti ni kizuri mno. Kimetulia, hakichezi hata kidogo, na kila jioni nikitoka kazini nakikalia, naegemea, nasikia uchovu wote unashuka. Mgongo wake mmeupatia hasa. Mwalimu naye anakigombea. Kama hiyo ndiyo kazi ya mikono yenu, nenda kwa mwenye nyumba bila wasiwasi.

Samahani kwa ufupi, ofisini wananisubiri.

Mwanao,
Rula


4 Mei

Mwanangu Rula,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, na nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda kwa mwenye nyumba. Msasa akaniomba niirudie kwa sauti pale penye mgongo. Nikarudia. Fundi wa randa, ambaye hajacheka tangu muuza saruji ahamie, alilazimika kukaa chini kwenye maranda.

Rula, ile ni meza.

Ni meza ndogo ya kuandikia. Haina mgongo, haijawahi kuwa na mgongo. Tumevunjika mbavu mpaka jirani amekuja kuuliza kuna harusi ya nani. Msasa anataka kujua mnaigombea vipi, mnapanda kwa zamu au mmoja anakaa upande wa kulia. Tangu siku hiyo kila mtu humu akichoka anaomba aegemee meza.

Basi nikavua viatu, nikakaa, nikafikiri. Hukulifungua lile gunia ipasavyo. Uliona vipande vya mbao, ukadhani kimevunjika njiani, ukaona haya kuniambia. Nimekuelewa, ni upendo, lakini usinifanyie tena. Kosa langu lilikuwa kutokuambia kwamba meza ile ilisafiri ikiwa imefunguliwa makusudi, na inasimama tena ukiiunga.

Sasa nitalijibu swali lako, maana nimeshacheka na haya zimepungua. Katika ile miaka miwili tulikuwa tunatengeneza meza moja. Jumatatu tunaianza, Ijumaa inasimama, Jumamosi tunaifungua yote na kurudisha mbao kwenye kona. Jumatatu tunaanza tena. Wateja hawakuwapo, mbao mpya hazikuwapo, na mkono wa fundi ukikaa bure unasahau. Wengine walipiga soga, sisi tukaunga meza. Misumari ingeharibu mbao, na gundi ingetuzuia kufungua, kwa hiyo tukaacha vyote viwili. Kila mguu una tundu, kila ubao una ulimi wake, na kijiti cha mbao kinapita katikati na kukaza. Mwanzoni ilicheza kama jino bovu. Mwaka wa pili ukiisukuma ni wewe unayerudi nyuma. Sikumwambia mtu, hata baba yako. Niliona ni wazimu, watu wazima watatu kujenga na kubomoa kitu kilekile.

Februari mwaka huu akapita mwanamke mmoja mshonaji anayekaa ghorofa ya nne, ambako ngazi ni nyembamba na hakuna meza inayopanda. Akatukuta Jumamosi tunafungua. Akaitaka vipande vipande, akaibeba begani, akapanda nayo. Baada ya wiki moja wakaja majirani zake. Hadi leo meza kumi na moja zimepanda ngazi za watu. Ndiyo maana mpango wako wa makochi ulinikosesha usingizi. Niambie kama ni upumbavu kukuza kazi kwa kitu kilichozaliwa na njaa.

Jambo la mwisho, na hapa sicheki. Zamani ulijibu barua zangu baada ya miezi miwili, kwenye karatasi nene yenye nembo. Sasa unajibu kesho yake, kwenye karatasi ya miraba ya daftari, na mwandiko wako umepinda kama wa mtu anayeandikia gotini. Mtu mwenye ofisi haandikii gotini. Kwa nini nilikutumia meza, unadhani?

Fungua gunia. Kisha unijibu polepole.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umesema polepole, nami nimetii, mwezi karibu umeisha. Barua nne nimezichana.

Nilidhani kimevunjika, kweli. Nililifungua gunia kidogo, nikaona miguu na vibao vimetengana. Ulikuwa umesema ni kitu cha kupunguza uchovu, akili yangu ikaenda kwenye kiti. Nikalisukuma chini ya kitanda, nikakuandikia uongo nikilia kidogo. Mwambie Msasa, meza tuliigombea usiku, tukiwa juu yake, bila kujua.

Barua yako ilipofika nililivuta. Miguu minne, vibao vinne vya kuunganisha, mbao tatu za juu, vijiti kumi na viwili. Mwalimu alikaa kitandani na chai akisema hatanisaidia hata iweje. Mara ya kwanza ilisimama miguu juu. Mara ya pili ilisimama vizuri ila kijiti kimoja kilibaki mkononi, na nilipoikaza ikalala chini taratibu mbele yangu kama ng'ombe aliyechoka. Mwalimu alimwaga chai. Mara ya tatu ndipo nilipoona alama alizokata Msasa, mkato mmoja, miwili, mitatu, minne, kila mguu na pembe yake. Nimeikalia makusudi ili ile barua yangu iwe na ukweli hata kidogo. Haichezi, Shangazi. Nimezunguka pembe zote.

Ofisi ilifungwa Novemba. Wafanyakazi wote tuliitwa ukumbini, tukapewa bahasha na maneno mazuri. Mwalimu anajua, maana ndiye anayetulisha. Wengine sikuwaambia. Kila asubuhi natoka na mkoba, nakaa kwenye benchi mbele ya maktaba mpaka saa kumi, narudi. Barua zako nilizijibia pale. Nilikupangia mashine na mafundi sita na bango, mtu ambaye hata siku yake mwenyewe hakuweza kuipanga. Sikutaka Baba ajue. Aliwaambia watu wote kwamba mwanawe ana meza yake ofisini.

Ule mpango ubandue. Nimekuandikia mwingine, ukurasa mmoja. Chukua chumba. Usinunue mashine. Tengeneza vitu vinavyoingia kwenye gunia: meza mwaka huu, rafu zikifuata, kitanda baadaye. Wenzako wote wanatengeneza vitu vinavyoishia mtaa ambao mkokoteni unaweza kufika. Cha kwako kinafika popote basi linapofika. Usiwarudishe mafundi sita. Warudishe wawili, na wengine wafuate meza zikishawahitaji, hapo hutasimama tena mbele ya mtu kumwambia asije kesho. Na umesema ni kitu kilichozaliwa na njaa. Mimi naona ni kitu kilichofanyiwa mazoezi miaka miwili, na hakuna karakana nyingine yenye mazoezi hayo.

Pengo ni moja. Mimi niliyekulia humo nimeshindwa mara mbili, mgeni atashindwa mara sita na kurudisha gunia. Kila gunia linahitaji karatasi ya michoro ya kumwonyesha mtu aanze wapi. Nimeichora moja, naiambatanisha. Nilimpa jirani asiyejua hata kushika nyundo, akaisimamisha meza kabla chai yake haijapoa. Mtafute mtu wa kuchora nyingine, na wa kupokea maombi ya watu wa mbali.

Barua hii naiandikia juu ya meza.

Mwanao,
Rula


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mwandiko wako umenyooka mpaka nimeutambua kabla ya kusoma jina.

Jana nimekwenda kwa mwenye nyumba. Nilivaa viatu na safari hii sikuvivua. Chumba ni chetu. Mtu wa matairi amepata pengine, hana neno. Tumefagia saruji siku nzima, madirisha yote mawili yamefunguka, na Msasa amegundua kwamba ukuta ule ulikuwa na rangi ya kijani tangu zamani. Nimewaita mafundi wawili kati ya wale sita. Wa kwanza niliyemwita ni yule aliyenishukuru. Alikuja na msumeno wake mkononi, ameupaka mafuta, akaniuliza aanzie wapi. Nililia mbele ya watu, na sijali.

Karatasi yako ya michoro tumeijaribu kwa baba yako. Alisimamisha meza bila kuuliza swali, akazunguka nayo kama ameizaa yeye. Kisha akaomba aone mchoraji ni nani, nikamwonyesha, akakaa juu ya benchi na kutoa bahasha kutoka mfuko wa ndani wa koti. Ni barua aliyokuandikia ofisini Januari. Ilirudi na muhuri kwamba ofisi imefungwa. Ameitembeza kifuani miezi mitano.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mtoto alitaka nisijue. Nikamwachia."

Na siri ya baiskeli imetoka pamoja na hiyo bahasha. Siku ile mshonaji alipobeba meza yake begani, baba yako alikuwa amesimama pale nje. Aliona kitu ambacho mimi mwenye karakana sikukiona, kwamba magunia yale yatahitaji mtu wa kuyafikisha stendi. Akanunua baiskeli kesho yake. Alitaka, siku utakapochoka kujificha, ukute hapa kuna kazi ya kukutosha. Magoti yote yale ni kwa ajili yako, Rula. Sasa amejua breki, na nyuma ya baiskeli Msasa amemfungia ubao wa kubebea.

Ukurasa wako ni mzuri, nimeubandika mahali pa ule wa kwanza. Lakini una kosa, na nakushangaa wewe mpimaji. Umempangia kila mtu pa kusimama: mimi, Msasa, fundi wa randa, wawili waliorudi. Penye mchoraji na mpokea maombi umeandika "mtafute mtu." Huo ni woga, si mpango. Chumba cha pili kina madirisha mawili, na chini ya lile la upande wa barabara nimeacha nafasi, sijaweka benchi wala mbao. Pima mwenyewe ukifika. Mwalimu nimeshamuulizia, shule ya hapa jirani inatafuta mtu wa darasa la tatu, watoto arobaini tu. Asije kwa ajili yangu, aje akitaka.

Meza usiiache huko.

Shangazi yako


17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwalimu ameisoma barua yako kabla yangu, na nilipotoka kuoga nilikuta ameshatoa masanduku. Watoto arobaini, anasema, ni mapumziko. Atamaliza muhula, mimi natangulia. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Mwambie Baba aje na baiskeli stendi, nina mzigo wake wa kwanza kutoka upande huu, na mwambie nitatembea pembeni yake nikishika kiti, kama wazazi wanavyofanya.

Ile barua iliyorudi na muhuri asiichane. Nataka kuisoma akiwa amekaa karibu.

Mwandiko wangu umepinda tena, usishtuke. Naandikia gotini. Meza iko kwenye gunia.

Rula